Moyo Mwekundu Katika Ngao ya Douglas

Jina la Douglas limeenea duniani kote. Limechukuliwa na watu wa kila rangi, na wengi wanaoitwa hivyo hawana hata tone la damu ya Uskoti. Leo tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu asili ya jina hilo, na hasa habari za maisha ya mtu mmoja aliyelitoa katika mto mdogo akalifanya kuwa jina la kutisha na la kuheshimiwa kwa wakati mmoja. Mtu huyo ni Sir James Douglas, aliyefariki mwaka 1330, naye ndiye sababu ya kuwapo kwa moyo mwekundu katika ngao ya ukoo wake.

Kusini mwa Uskoti, katika wilaya ya Lanark, kuna mto unaotiririka kuingia katika mto mkubwa wa Clyde. Wenyeji wa zamani waliokuwa wakisema Kigaeli waliuita kwa maneno mawili yenye maana ya maji meusi. Bonde lake likaitwa kwa jina hilo, na bwana aliyelimiliki akajulikana kwa jina la bonde. Wa kwanza wanaomfahamu wanahistoria ni William wa Douglas, ambaye jina lake limo katika hati za baina ya mwaka 1175 na 1199. Baadaye sana, katika karne ya 17, mwandishi mmoja wa ukoo huo alieneza hadithi ya shujaa aitwaye Sholto, ambaye inadaiwa aliokoa jeshi la mfalme mnamo mwaka 767, na mfalme alipouliza ni nani aliyefanya tendo hilo akaonyeshwa mtu mweusi wa kijivu. Hadithi hiyo inapendeza kusikiliza, lakini haina ushahidi. Koo kubwa, mahali popote, hazipendi kuambiwa kwamba zimepata jina lake kwa kijito.

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kidogo juu ya ngao zenyewe. Katika karne ya 12 makabaila wa Ulaya walianza kuvaa kofia za chuma zilizofunika uso mzima, hata mtu akawa hamtambui ndugu yake vitani. Wakaanza kuchora alama kwenye ngao zao, na alama hizo zikarithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Zikawekewa kanuni. Dhahabu na fedha huhesabiwa kuwa ni metali, na nyekundu, buluu, nyeusi na kijani ni rangi. Tena haifai kuweka rangi juu ya rangi wala metali juu ya metali, maana kwa mbali alama haitaonekana. Huko Uskoti jambo hili ni sheria hadi leo. Yuko mkuu wa nembo anayeitwa Lord Lyon, na mtu akitumia ngao asiyoistahili aweza kushtakiwa mahakamani. Vilevile ngao ni mali ya mtu mmoja, si ya kila mwenye jina lile. Wafanyabiashara wanaouza nembo kwa kila mtalii aitwaye Douglas huuza kitu ambacho kwa sheria ya Uskoti hawana haki ya kukigawa.

Ngao ya zamani ya mabwana wa Douglas ilikuwa na uwanja wa fedha, yaani mweupe, na sehemu ya juu ya rangi ya buluu yenye nyota tatu za fedha. Ukoo wa Murray nao una nyota tatu za fedha juu ya buluu, na kwa sababu hiyo wataalamu wengi wameona kwamba koo hizo mbili zilikuwa na undugu wa zamani. Moyo haukuwapo. Uwanja ule mweupe ulikuwa mtupu.

James alizaliwa mnamo mwaka 1286. Baba yake, Sir William, alikuwa mtu shupavu na mkaidi, aliyewahi kumteka mjane wa kabaila mmoja wa Kiingereza na kumwoa. Zama hizo kiti cha ufalme cha Uskoti kilikuwa kikigombaniwa, na Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alitumia ugomvi huo kuitia nchi mkononi mwake. Mwezi Machi mwaka 1296 jeshi lake liliuteketeza mji wa Berwick na kuwaua wakazi wake kwa wingi. Aliyekuwa akiilinda ngome ya mji huo ni Sir William, naye alilazimika kuisalimisha. Mwaka uliofuata alijiunga na uasi wa William Wallace, akakamatwa, na mwaka 1298 akafa kifungoni katika Mnara wa London. Ardhi yake yote ilinyang'anywa na kupewa Robert Clifford, kabaila wa Kiingereza.

Kijana James alikuwa amepelekwa Paris kwa usalama wake. Aliporudi alikuwa hana baba, hana nyumba wala shamba. Askofu Lamberton wa St Andrews alimchukua awe kijana wa kumhudumia, na mwaka 1304, Edward alipokuwa Stirling, askofu akampeleka mbele ya mfalme kuomba arudishiwe urithi wake, naye atakuwa mtiifu. Mfalme aliposikia yeye ni mwana wa nani, alikataa kwa hasira. Sisi twaona kwamba hapo ndipo Edward alipojitengenezea adui. Kijana yule alikuja kwa unyenyekevu akiomba mali ya baba yake. Kama angalipewa, huenda angaliishi maisha yake yote akiwa kabaila mdogo wa bondeni, asijulikane na mtu.

Mwezi Februari mwaka 1306 Robert Bruce alimwua mpinzani wake John Comyn ndani ya kanisa huko Dumfries, na mwezi uliofuata akatawazwa mjini Scone kuwa Mfalme wa Uskoti. James alimwendea njiani, akapiga magoti, akamtolea utii wake. Hakumwacha tena. Na mwanzo wake haukuwa mwema, kwani mwezi Juni jeshi la Bruce lilivunjwa huko Methven, na mfalme na wafuasi wake wachache wakawa wakimbizi milimani, wakila mawindo na samaki. Masimulizi yasema James ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote wa kuwatafutia chakula mabibi waliofuatana nao.

Sasa tumefika kwenye jambo ambalo vitabu vingi vya watoto hulipita haraka. Katika mwaka 1307, kwa hesabu iliyozoeleka, James alirudi kwa siri katika bonde lake pamoja na watu wachache. Thomas Dickson, aliyekuwa mtu wa baba yake, alimficha na kumkusanyia wenyeji waaminifu. Siku ya Jumapili ya Matawi askari wa Clifford walitoka ngomeni kwenda kusali katika kanisa la Mtakatifu Bride. Watu wa James waliingia pamoja nao, silaha zikiwa zimefichwa chini ya majoho, na ilipotolewa ishara wakawashambulia humo humo kanisani. Kisha wakaenda ngomeni, ambamo walikuwamo mpishi na mlinzi wa mlango tu, wakakikuta chakula cha sikukuu kimekwisha andaliwa. Wakaketi wakala.

Baada ya kula, James aliamuru nafaka, unga na nyama vimwagwe katika chumba cha chini, mapipa ya mvinyo yavunjwe juu yake, na mateka wakatwe vichwa juu ya lundo lile. Kisimani wakatia chumvi na mizoga ya farasi. Halafu wakaichoma moto ngome nzima, ile ngome ya baba yake mwenyewe aliyokuwa ameiomba kwa magoti. Wenyeji waliliita tukio hilo ghala ya chakula ya Douglas, na jina hilo halijafutika hata leo.

Wako wanaosema kwamba hiyo ilikuwa njia pekee ya mnyonge kumpiga mwenye nguvu. Kwa upande wa ngome, maneno hayo ni kweli. Bruce na watu wake hawakuwa na askari wa kutosha kuzilinda ngome, kwa hiyo kila waliyoiteka waliibomoa, ili adui asipate mahali pa kukaa. Lakini mateka wale walikuwa wamekwisha kutiwa mkononi, na kuwachinja juu ya unga hakukuongeza chochote katika ushindi ule. James alitaka habari zisambae. Zikasambaa. Tangu hapo Waingereza wa mpakani walimwita Douglas Mweusi, na inasimuliwa kwamba akina mama walilitaja jina lake kuwanyamazisha watoto. Waskoti kwa upande wao walimwita Sir James Mwema. Majina hayo mawili yalikuwa ya mtu mmoja, na kila upande ulikuwa na sababu zake.

John Barbour, padri mkubwa wa Aberdeen, aliyetunga utenzi mrefu juu ya vita hivyo mnamo mwaka 1375, alipata kuzungumza na watu waliomwona. Asema James alikuwa na nywele nyeusi na uso uliopauka, mabega mapana na mifupa mikubwa, na alipozungumza alikuwa na kitembe kidogo. Katika baraza alikuwa mpole na mwenye haya. Vitani alikuwa mtu mwingine kabisa.

Edward wa Kwanza alifariki mwezi Julai mwaka 1307 akiwa njiani kuivamia tena Uskoti, na mwanawe, Edward wa Pili, hakuwa na uwezo wa baba yake. Ngome zikaanza kuanguka moja moja. Usiku wa mwezi Februari mwaka 1314, mkesha wa Kwaresima, askari wa ngome ya Roxburgh walikuwa wakila na kucheza ngoma. James na watu wake walivaa majoho meusi juu ya mavazi ya vita wakatambaa uwanjani kwa mikono na magoti, na walinzi wakadhani ni ng'ombe wa mkulima fulani walioachwa nje. Fundi mmoja aitwaye Sim alikuwa ametengeneza ngazi za kamba zenye vidato vya mbao. Kabla ya alfajiri ngome ilikuwa imetekwa.

Mwezi Juni mwaka huo huo palitokea vita vya Bannockburn, vilivyodumu siku mbili, tarehe 23 na 24. Tutataja mambo mawili tu. Siku ya kwanza Thomas Randolph, aliyekuwa mshindani mkubwa wa James katika kutafuta sifa, alizungukwa na wapanda farasi wa Kiingereza. James alimsihi mfalme amruhusu kwenda kumsaidia. Alipokaribia na kuona maadui wameanza kulegea, aliwasimamisha watu wake, asije akamnyang'anya mwenzake ushindi aliokwisha kuutolea jasho. Jambo la pili, siku iliyofuata Robert Clifford, mwenye kumiliki bonde la Douglas kwa hati ya mfalme wa Uingereza, aliuawa uwanjani. Edward wa Pili alikimbia hadi Dunbar kupanda mashua, na James alimfukuza njia nzima akiwa na wapanda farasi wapatao 60, akimkaribia mno hata watu wa mfalme wasiweze kushuka farasini.

Kwa miaka kumi na mitatu iliyofuata James alikuwa mlinzi wa mpaka. Aliivamia kaskazini ya Uingereza mara nyingi, akichoma na kutoza fidia. Wakulima wa huko hawakuwa na kosa lolote katika ugomvi wa wafalme, lakini wao ndio walioulipa. Mwaka 1324 Bruce alimpa hati ya haki kubwa katika ardhi zake, kwa kuwa alikuwa ameridhia kuwaacha huru mateka wa Kifaransa bila kupokea fidia. Mfalme alimvika pete ya zumaridi kidoleni iwe ushahidi. Na mwaka 1327, huko Weardale, aliingia usiku katika kambi ya Waingereza akafika kwenye hema la Edward wa Tatu, mvulana wa miaka 14, akazikata kamba zake. Mvulana aliponea chupuchupu. Mwaka uliofuata Uingereza ilikubali kwa mkataba kwamba Uskoti ni nchi huru.

Robert Bruce alifariki tarehe 7 Juni mwaka 1329 huko Cardross. Alikuwa ameweka nadhiri ya kwenda vita vya msalaba, na hakupata nafasi ya kuitimiza. Kwa hiyo aliagiza kwamba moyo wake utolewe kifuani ukapigane na wale waliohesabiwa kuwa maadui wa dini yake. Tusisahau kwamba huyu ndiye aliyemwua mtu kanisani mwaka 1306, na kwamba dhambi hiyo ilimwandama. Aliyechaguliwa kuubeba moyo huo ni James Douglas, mtu aliyekuwa na kanisa lake mwenyewe la kukumbuka.

Mwili wa mfalme ulizikwa Dunfermline. Moyo ulitiwa dawa na kuwekwa katika kikasha cha fedha, ambacho James alikivaa shingoni. Hati ya kumruhusu kupita salama kwenda Nchi Takatifu ilitolewa mwezi Septemba mwaka 1329 na mfalme wa Uingereza, yaani yule yule mvulana wa hema la Weardale. Mwanzoni mwa mwaka 1330 msafara uliondoka, ukatua kwanza Sluys katika Flanders, ambako James alikaa siku kadhaa ndani ya merikebu akiwakaribisha wageni kwa vyombo vya dhahabu na fedha, kana kwamba mfalme mwenyewe yumo. Kisha wakaelekea Hispania, kwani Mfalme Alfonso wa Kumi na Moja wa Castile alikuwa akipigana na dola ya Kiislamu ya Granada.

Alfonso alikuwa ameizingira ngome ya Teba, na jeshi la Granada chini ya jemadari Uthman bin Abi al-Ula lilikuja kuiokoa. Tarehe 25 Agosti mwaka 1330 Waskoti waliingia vitani. Yasemekana waliwafuata maadui waliokuwa wakirudi nyuma, wasijue kwamba hiyo ni mbinu ya zamani ya wapanda farasi wale, kisha wakageuziwa. James alikuwa amekwisha kutoka salama alipomwona Sir William Sinclair amezingirwa. Akarudi na watu wapatao kumi, akafa pamoja naye, na ndugu wawili wa ukoo wa Logan pia.

Wasomaji wengine watakuwa wamesikia kwamba kabla ya kufa aliurusha moyo wa Bruce mbele ya maadui na kuufuata. Picha hiyo imechorwa mara nyingi. Lakini Barbour, aliyeandika miaka 45 tu baadaye, hana habari hiyo. Beti zinazoisimulia ziliongezwa na watu wa baadaye. Sisi hatuoni kwamba kuondolewa kwa kisa hicho kunampunguzia James chochote. Kumrudia mwenzako aliyezingirwa ni tendo kubwa kuliko kurusha kikasha.

Moyo haukufika Yerusalemu. Sir William Keith, ambaye hakupigana siku hiyo kwa sababu mkono wake ulikuwa umevunjika, aliurudisha Uskoti pamoja na mifupa ya James. Na kabla ya karne hiyo kwisha, moyo mwekundu ulikwisha kuonekana katika uwanja mweupe wa ngao ya Douglas, chini ya nyota tatu. Taji la kifalme liliongezwa juu yake baadaye sana. Ukoo wa Lockhart nao una moyo katika ngao yake, umefungiwa ndani ya kufuli, na mapokeo yao yasema mzee wao alikuwa miongoni mwa wasafiri wale, akikabidhiwa ufunguo wa kikasha.

Hatuna budi kukiri kwamba waliochagua alama hiyo walichagua vizuri. Moyo ulikuwa kitu halisi kilichobebwa, tena ni nyekundu juu ya fedha, wazi kwa macho ya mbali. Lakini ngao haina nafasi ya pili. Lile lundo la unga, mvinyo na damu halikuchorwa popote, ingawa lilifanywa na mkono ule ule, na ingawa ndilo lililolifanya jina la Douglas lisikike kabla ya watu kuusikia moyo.

Warithi wake walirithi yote mawili. Mwanawe William aliuawa Halidon Hill mwaka 1333. Mwingine, Archibald, aliyezaliwa nje ya ndoa, alikuja kuwa mkuu wa ukoo mwaka 1388. Ukoo ukawa na nguvu hata wafalme wakauogopa. Mwaka 1440 vijana wake wawili walikaribishwa karamuni katika ngome ya Edinburgh mbele ya mfalme mtoto, wakatolewa nje na kukatwa vichwa. Mwaka 1452 Mfalme James wa Pili alimchoma kisu kwa mkono wake mkuu mwingine wa ukoo huo, aliyekuwa mgeni wake huko Stirling. Miaka mitatu baadaye tawi hilo, lililoitwa la Douglas Weusi, lilivunjwa kabisa, na tawi la Wekundu likachukua nafasi yake.

Mali ya bonde lile hatimaye ilipita kwa upande wa wanawake hadi ukoo wa Home, na hivyo likatokea jina la Douglas-Home. Wazee wetu wanalikumbuka. Sir Alec Douglas-Home alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza Zanzibar na Kenya zilipopata uhuru mwezi Desemba mwaka 1963, na ndiye aliyetia saini mapatano na Ian Smith mwaka 1971, ambayo Waafrika wa Rhodesia waliyakataa mwaka uliofuata. Na yuko mwingine ambaye hakuwa na undugu wowote na ukoo huo. Mwaka 1838 kijana mmoja mweusi wa Marekani, Frederick Bailey, alitoroka utumwani akahitaji jina jipya ili asikamatwe. Mwenyeji wake alikuwa akisoma utenzi wa Walter Scott wenye shujaa wa ukoo huu, akampendekezea jina hilo. Ndivyo alivyopatikana Frederick Douglass, mpiganaji mkuu dhidi ya utumwa, aliyeongeza herufi moja mwishoni.

Kikasha kinachoaminika kuwa na moyo wa Bruce kilifukuliwa katika magofu ya kanisa la watawa la Melrose mwaka 1921, kikafukuliwa tena mwaka 1996, na tarehe 22 Juni mwaka 1998 kikazikwa upya chini ya jiwe lililochongwa moyo. James Douglas hayuko hapo. Mifupa yake ilirudishwa bondeni kwake, ikawekwa katika kanisa la Mtakatifu Bride, ambako ipo sanamu ya jiwe ya askari aliyelala chali, miguu amepishanisha. Ndipo mahali pale pale alipoingia na upanga chini ya joho siku ya Jumapili ya Matawi.